Sanduku la Picha: Triga inawaka kijani, flashi imenuna

Mwezi huu barua karibu zote ni za flashi. Sishangai. Kiangazi kimekolea, ndoa zinafuatana kila wikiendi, na vijana wamejikusanya wakanunua flashi za kuweka pembeni. Kila Jumatatu ananijia mmoja hapa studio, Mwanga, Kigoma, na mfuko wa rambo uliojaa vifaa, anavimwaga juu ya kaunta na kusema, "Mama, zimekufa." Mara nyingi hazijafa. Hazisikilizani tu.

Kwa anayeingia leo: ninaposema flashi ya pembeni ni flashi ile ile uliyozoea kuiona juu ya kamera, ila imeshushwa ikapelekwa kwenye stendi au mkononi mwa mtu, na kamera inaipa amri kwa redio. Kinachokaa juu ya kamera na kutuma amri ndiyo triga. Kinachopokea ni risiva, na flashi nyingi za siku hizi zimezaliwa nayo tumboni. Sababu ya kuhangaika hivi ni ndogo. Mwanga unaotoka pale pale lenzi ilipo unamfanya bibi harusi awe na uso kama sahani: paji linameta, pua haina mgongo, na nyuma ukutani kimesimama kivuli cheusi kama kimekuja kudai. Sogeza mwanga huo hatua tatu kushoto, uso unarudi kuwa uso.

Haya, barua.

*

"Shikamoo mama. Niko Ujiji, napiga picha za ndoa na maulidi. Nimenunua Canon 4000D kwa mtu, halafu flashi mbili za Yongnuo YN560 III na triga ya bei nafuu. Nikibonyeza kitufe cha kujaribia kwenye triga, flashi zote mbili zinapiga. Nikibonyeza kamera, kimya. Nimebadilisha betri, nimebadilisha chaneli, fundi simu ameifungua triga na sasa kifuniko hakifungi. Nimeuziwa kitu kibovu?"

Marahaba mwanangu. Hukuuziwa kibovu, na hiyo triga ilikuwa nzima mpaka fundi simu alipoitia bisibisi. Jibu umeliandika mwenyewe kwenye barua: kitufe cha kujaribia kinafanya kazi. Yaani redio inatuma, flashi zinasikia, chaneli ni moja, betri zina nguvu. Kinachokosekana ni kamera kuiambia triga "piga".

Washa tochi ya simu. Vua triga, inamisha kamera uitazame pale juu, kwenye kile kiti cha chuma flashi inapotelezeshwa. Kwenye kamera nyingi utaona duara la shaba katikati, kubwa kidogo kuliko wenzake, na kando yake vidoti vidogo vidogo. Lile la katikati ndilo salamu ya zamani ya flashi karibu zote duniani. Shata, yaani pazia la ndani ya kamera, ikifunguka, katikati inaungana na ukingo wa chuma, flashi inapiga, basi. Haliulizi kama wewe ni Canon au Nikon.

Sasa tazama 4000D yako. Katikati ni plastiki tupu. Canon hawakuliweka duara hilo kwenye 4000D, wala 2000D, wala 250D. Wamebakiza vile vidoti vidogo, ambavyo vinaongea kwa lugha ya Canon yenyewe, na triga yako ya bei nafuu ina kidoti kimoja tu chini ya mguu, katikati. Imekaa pale kama mtu aliyekwenda kumpokea mgeni stesheni ya reli, kumbe mgeni amekuja na boti, ameshukia Kibirizi.

Usione haya. Mimi mwenyewe mara ya kwanza kuletewa kamera ya aina hiyo nilishinda nayo mchana mzima. Nilisugua mguu wa triga kwa ufutio, nikapangusa kwa spiriti, nikabadilisha betri mara tatu, na mwenye kamera amekaa kwenye benchi ananitazama kwa heshima zote. Mjukuu wangu katoka shule, kaniegemea begani, kasema, "Bibi, mbona hii haina kitobo cha dhahabu kama ya kwako?" Miaka yote hiyo ya kazi, na sikuwa nimetazama.

Una njia mbili. Ya kwanza ni ya fedha: utafute triga inayojua lugha ya Canon na ambayo orodha yake inaitaja kamera yako kwa jina. Hapo jihadhari na jambo moja ambalo wauzaji wanalipitia haraka. Redio ya Godox, kampuni nyingine ya flashi, haisikilizani na redio ya Yongnuo. Zote zinatumia mawimbi ya GHz 2.4, sawa, lakini kila moja ina lugha yake, kama mabasi mawili yanayopita barabara moja na tiketi ya hili haipandi lile. Ukinunua triga ya Godox, flashi zako mbili za Yongnuo zitabaki viziwi. Kwa hiyo usinunue kwa maelezo ya mtu. Nenda dukani na kamera na flashi moja, mwambie muuzaji aichomeke triga, ubonyeze kamera mara kumi. Asipokubali, mshukuru uondoke.

Njia ya pili haina gharama na unaweza kuianza leo jioni. Hizo YN560 zina jicho mbele linaloona mwanga wa flashi nyingine. Bonyeza kitufe cha modi mpaka kioo kiandike S1 au S2. Inua flashi ndogo ya kwenye kamera yako kwa kidole, piga, na zile za pembeni zitaitikia. Wewe tumia S2. Flashi ndogo ya kamera hupiga mara mbili: kwanza kipigo kidogo cha kupima, halafu cha picha yenyewe, vikifuatana haraka kiasi kwamba jicho linaona kimoja. Ukiweka S1, flashi ya pembeni itaitikia kile cha kupima, shata ikiwa bado imefungwa. Utaiona imepiga kwa macho yako mawili, na kwenye picha giza. Wengi wanafika hapo wanarudisha vifaa dukani. S2 inakiacha kipigo cha kwanza kipite, inaitikia cha pili. Flashi ndogo yenyewe ipunguze nguvu kadiri menyu inavyokubali, kazi yake iwe kuita tu, isije ikakuharibia sura za watu.

Njia hii ni ya ndani ya nyumba. Kwenye jua la saa saba jicho halioni kitu. Na kwenye ndoa yenye wapiga picha watatu, kila mmoja akipiga, taa zako zitamfanyia kazi yeye. Lakini kwa sebule za Ujiji na kumbi za kawaida, utapata riziki mpaka ujikusanye kwa triga ya kweli.

*

"Mama, salaam. Mimi ni binti, napiga picha za maharusi ufukweni, Katonga na Bangwe. Nataka ziwa na mbingu vikolee, kwa hiyo napandisha mwendo wa shata mpaka 1/500 au 1/1000 ya sekunde. Sehemu ya chini ya picha inakuwa na giza kama mtu amevuta pazia. Kwa nini?"

Kwa sababu ni pazia kweli, binti yangu. Shata ya kamera yako ni mapazia mawili. La kwanza linafungua, la pili linafunga. Kwa mwendo wa pole pole kuna nukta ambapo yote mawili yako pembeni na fremu nzima iko wazi. Flashi, ambayo ni cheche ya sehemu ndogo sana ya sekunde, inapiga hapo hapo. Ukipandisha mwendo, pazia la pili linaanza kushuka kabla la kwanza halijamaliza njia, na kinachobaki ni mwanya unaotembea. Cheche ikitokea, nusu ya watu wako wameshafunikwa.

Kila kamera ina kikomo chake. Nyingi ni 1/200, nyingine 1/250, na zipo zinazokomea 1/180. Kitabu cha kamera kinaandika. Mimi na triga za bei rahisi huwa nashuka mpaka 1/160, kwa sababu redio nayo inachelewesha kidogo, na sitaki kugundua ule mstari usiku wakati maharusi wameshavua nguo.

Kuna flashi zenye uwezo wa kupita kikomo hicho: badala ya cheche moja zinapepesa mfululizo muda wote mwanya unapotembea. Godox TT600 kwa mfano inafanya hivyo ikiwa pembeni na inaamriwa na triga ya Godox, YN560 haiwezi. Lakini usikimbilie. Kupepesa huko kunakula nguvu sana, mwanga unaofika usoni ni kidogo mno kuliko ule wa cheche moja, na taa ndogo ya betri nne mbele ya jua la mchana inabaki kama karabai mbele ya mwezi mpevu. Waulize wavuvi wa dagaa hapo hapo Katonga. Mwezi ukijaa wanavuta mitumbwi nchi kavu, wanashona nyavu. Wanajua taa yao haitashinda.

Ushauri wangu ni wa saa. Sisi wa Kigoma tuko mbali magharibi, jua letu linazama karibu dakika 40 baada ya kuzama Dar es Salaam, ilhali saa ya ukutani ni moja. Wapiga picha wanaotoka huko huja na ratiba ya kwao, saa kumi na mbili wameshamaliza wanakunja stendi, na mimi ndiyo kwanza nafungua begi. Waweke maharusi waangalie pembeni, mgongo nusu kwa ziwa. Jua likikaribia milima ya Kongo, weka ISO 100 (wepesi wa kamera kuona mwanga), shata 1/160, f/8 (upana wa tundu la lenzi), piga moja bila flashi uitazame mbingu tu. Ikikupendeza, usiiguse tena kamera. Sasa leta flashi, mita mbili kutoka usoni, nguvu nusu, na uongeze au upunguze kwenye flashi peke yake mpaka nyuso zikae sawa. Mbingu inatii kamera, nyuso zinatii flashi. Ukivichanganya utazunguka mpaka giza liingie.

Na upepo! Jioni ziwa linapumua. Mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga juu ya stendi ni tanga, hauna jina lingine. Mimi ziwa limenila flashi moja hapo Bangwe. Niliinama kumtengenezea bibi harusi shela, nikasikia watu wanasema "aaah" kwa pamoja, na nilipogeuka mwavuli ulikuwa unaelea vizuri tu, flashi ndiyo ilikuwa inakwenda chini. Tangu siku hiyo natembea na dumu la mawese la lita tano. Tupu ni jepesi, nikifika nalijaza maji ya ziwa, nalining'iniza kwenye shingo ya stendi kwa kamba ya katani. Hakuna mfuko wa mchanga wa dukani unaolishinda, na mkifika nyumbani linarudi kazini kwake.

*

"Mwangaluka mama. Naandika kutoka Urambo, Tabora. Kumbi zetu nyingi zina bati juu bila dari, nikielekeza flashi juu mwanga haurudi. Ninayo Godox TT600 moja na triga yake. Nataka kununua ya pili, au nitafute kubwa ya umeme kabisa? Na nguvu niweke ngapi?"

Mwangaluka baba. Usinunue ya pili kwanza. Tafuta mtu.

Nasema kweli. Fedha ya flashi ya pili mlipe kijana mwenye akili asimame na hiyo moja kwenye kijiti kirefu, harusi kadhaa mfululizo. Stendi haijui bibi harusi amegeuka. Haijui kwamba mjomba mnene amesimama mbele yake. Kijana atajua, na baada ya harusi ya tatu hutahitaji hata kumwambia. Mfundishe jambo moja: taa iwe juu kidogo ya kichwa cha anayepigwa, pembeni, ikimtazama kwa kushuka, kama jua la saa tatu asubuhi. Na asiielekeze kwako.

Kuhusu nguvu, hakuna namba ya kukariri, ila kuna ya kuanzia. Ukumbini kwa mwavuli: ISO 400, f/5.6, shata 1/160, flashi 1/8 ya nguvu yake, mita mbili kutoka usoni. Piga. Gauni jeupe likipoteza maua yake, shuka 1/16. Tazama gauni na uso kwa pamoja, usitazame kimoja. Ngozi zetu na gauni jeupe ni mitihani miwili kwenye karatasi moja, na kioo kidogo cha kamera kinadanganya ukumbi ukiwa na giza, kinaonyesha picha ina mwanga kuliko ilivyo. Mimi natazama ule mchoro wa vilima, histogramu. Kilima kikigonga ukuta wa kulia, gauni limekwenda.

Sasa hili lishike vizuri maana ndilo linalowashinda wengi. Mwanga haupungui kwa hatua kama unavyotembea wewe. Taa ikiwa mita moja, ukaisogeza mita mbili, hubaki na nusu. Unabaki na robo. Mita nne, moja ya kumi na sita. Ndiyo maana kwenye picha ya ukoo, ukiweka taa mita moja kutoka kwa mama wa bibi harusi, anang'aa kama bati jipya, na wajomba waliosimama mita moja nyuma yake wanapata robo ya mwanga wake. Wanaonekana wamealikwa kwa bahati mbaya. Wengi hapo huongeza nguvu, na mama ndiyo anazidi kuungua. Dawa ni kurudi nyuma. Peleka taa mita nne. Sasa aliye mbele yuko mita nne, wa nyuma mita tano, na wa nyuma anapata karibu theluthi mbili ya anachopata wa mbele. Tofauti hiyo hakuna atakayeiona. Bila shaka umeupoteza mwanga kwa kurudi, kwa hiyo ulipokuwa 1/8 kwa mita mbili, mita nne utahitaji 1/2. Betri italalamika. Iache ilalamike kwa picha mbili za ukoo, halafu urudi karibu.

Bati bila dari lisikutie huzuni. Ukuta mmoja wa rangi ya maziwa unatosha, taa ielekezwe ukutani badala ya juu. Ukuta wa kijani usijaribu. Nilishawahi kuwatoa watu harusini wakiwa na rangi ya matembele.

Ya umeme kabisa iache studio. Umeme ukikatika katikati ya keki, utaimba wewe.

*

"Mama, flashi yangu ya Godox inapiga ikiwa mbali, nikiishika mkononi karibu na kamera inagoma. Wakati mwingine inapiga yenyewe bila mimi kubonyeza. Ina mashetani? Msomaji, Kasulu."

Mwakeye Kasulu. Mashetani mawili tofauti, tuyafukuze moja moja.

La kwanza: redio ya Godox ikiwa imepangwa kwa masafa marefu, risiva ikikaribia mno inazibwa masikio, kama mtu anayekupigia kelele sikioni. Kwenye menyu ya triga za XPro na X2T kuna pa kuchagua masafa, mita 1 hadi 100 au mita 0 hadi 30. Weka hiyo ya pili.

La pili ni jirani. Vifaa vingi vinatoka kiwandani vikiwa chaneli ya kwanza, na watu hawaigusi. Niliwahi kupiga ndoa moja hapa mjini ambapo familia mbili zilileta kila moja mpiga picha wake, hawajaambiana. Muda wote taa zangu zinapiga ovyo, betri zimechemka, na upande wa pili namwona yule bwana anaitingisha flashi yake kama chupa ya dawa. Tulikutana kwenye foleni ya pilau. Nikamwuliza, "Baba, chaneli ngapi?" Akasema moja. Nami moja. Tulikuwa tunapigiana picha toka saa nne asubuhi. Badilisha chaneli kwenye triga na kwenye flashi, zote mbili zisome namba ile ile, halafu hakikisha na kundi, ile herufi unayoipa flashi, ni lile lile, maana flashi ya kundi B haiitikii amri ya kundi A. Na ukumbini inua risiva juu ya vichwa vya watu. Mwili wa binadamu ni maji, na maji yanameza mawimbi hayo. Wageni mia mbili ni kisima.

Kama baada ya hotuba ndefu flashi haiitikii kabisa, imelala. Ina saa ya kujizima. Bonyeza kitufe chochote iamke, kisha ingia kwenye menyu urefushe muda huo.

*

"Betri gani? Za dukani zinaisha kabla ya maharusi kuingia."

Za kuchaji, AA, zile za NiMH. Zimeandikwa volti 1.2 na za kutupa 1.5, watu wanadhani za kuchaji ni dhaifu. Kwenye flashi ni kinyume. Ya kutupa haiwezi kutoa mkondo mkubwa kwa haraka, kwa hiyo picha ya thelathini unasubiri taa nyekundu iwake huku bwana harusi ameshamaliza kulisha keki. Nunua nane: nne ndani, nne mfukoni. Ziandike kwa kalamu seti A na seti B, zisichanganyike mpya na ya zamani. Na usiku ukirudi zitoe, hasa ninyi wa pwani ya ziwa. Unyevu ukikutana na betri inayovuja, vile visahani vya ndani vinaota ukungu wa kijani, na hapo ndipo flashi inakufa kweli.

*

"Marehemu baba aliniachia flashi ya zamani ya Vivitar. Naweza kuichomeka kwenye kamera yangu ya dijitali?"

Pole kwa baba. Usiichomeke bado. Baadhi ya flashi za enzi za filamu zinatoa mguuni zaidi ya volti mia mbili. Kamera za wakati ule hazikujali, swichi yao ilikuwa ya chuma. Yako ina saketi ambayo mshtuko huo unaweza kuiua. Mpelekee fundi redio mwenye mita. Aiwashe ijae chaji, aweke waya mmoja katikati ya mguu na mwingine kwenye ukingo wake, asome. Chini ya volti 6, itumie kwa amani. Ikisoma zaidi, usiiweke juu ya kamera kabisa: itafutie jicho lake la kuchomeka, ikae pembeni iitikie flashi nyingine. Hata yangu iko hivyo, ile niliyoanzia kazi wakati filamu ilikuwa picha 36 na kila moja ina bei. Bado inapiga. Inachukua muda kujaa, inalia kama mbu, na siiuzi.

*

"Mama, nimepata kazi ya kuwapeleka wageni Gombe kuwapigia picha wakiwa na sokwe. Msitu una giza. Flashi ya pembeni ngapi?"

Hakuna. Flashi kwa sokwe hairuhusiwi, na mwongozaji atakurudisha mara ya kwanza tu. Pandisha ISO mpaka 3200, fungua tundu la lenzi, vumilia chengachenga. Wale sokwe wamezoeshwa watu tangu mwaka 1960 alipofika mtafiti Jane Goodall, hawajazoeshwa radi.

*

Tangazo. Kijana aliyeacha YN560 yenye plasta nyekundu kwenye mguu, hapa studio, Jumatatu ya wiki iliyopita: haikufa. Ilikuwa imewekwa S1. Njoo uichukue kabla ya Ijumaa, maana Jumamosi natoka. Betri zako nne nimezitoa, ziko kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati. Mbili zilikuwa zimeshaanza kuvuja.